Nilimwekea Beseni Mwanaume Asiyejua

Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa, na kila asubuhi Mungu akinijalia uhai nipo ufukweni Katonga nasubiri dagaa. Ukipita pale utaniona. Mimi ndiye yule anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali, kwa sababu upepo wa ziwa unaniumiza masikio.

Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa yenu mingi. Mmelia kwa waume waliowakimbia, mmelia kwa wachumba waliowachezea na kuwaacha. Mkasa wangu mtaucheka kwanza, maana mwanaume aliyeniumiza hajawahi hata kunishika mkono! Lakini chekeni taratibu... nilichopoteza si kidogo.

Yote yalianza na neno. Neno moja tu la vijana wa mjini: krashi.

Nililetewa na binamu yangu Anita, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam wakati huo mimi nimemaliza kidato cha nne na kufeli vizuri tu. Anita alikuwa na krashi kila mahali. Krashi wake chuoni, krashi wake kanisani, krashi mwingine muuza simu ambaye hata jina lake hakulijua. Mimi nikadhani ni malaya! Akacheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba krashi si mchumba wala si mpenzi. Krashi ni mtu unayemtazama kwa mbali, moyo ukaenda mbio, mikono ikaloa jasho, ukarudi nyumbani ukamuwaza mpaka ukaunguza maharage. Na yeye hatakiwi kujua. Akijua, si krashi tena, hayo yanakuwa mambo mengine.

Kulikuwa na sheria ya pili, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Ukishamtaja krashi wako kwa mashoga zako, ni marufuku shoga kumsogelea. Ametajwa, basi, ana mwenyewe.

Nilipomweleza mama, alikuwa anatwanga kisamvu, akasimamisha mchi. Alisema kupenda anakujua, na katika Kiha chetu lipo neno lake, na mwanaume akikupenda wazee wake wanaleta pombe nyumbani mnakaa mnazungumza. "Sasa hiyo krashi ni mdudu gani? Inaletwa na nani? Inakaa wapi?" Nikamwona mama mshamba.

Laiti ningemsikiliza!

Maana mimi tayari nilikuwa naye wangu. Aliitwa Filbeti, mvuvi kwenye boti ya kijani ambayo mama yangu alikuwa akichukulia dagaa tangu mimi niko mgongoni. Mrefu, mweusi wa kung'aa, na ana kovu dogo juu ya nyusi. Akicheka, anacheka kwa mabega. Kabla Anita hajaja nilikuwa naona aibu kwa yale ninayoyasikia moyoni, nikidhani ni ugonjwa. Sasa nilikuwa na jina lake. Nilikuwa na krashi! Nilijiona na mimi ni mtu wa mjini.

Hapa inabidi niwaeleze desturi ya ufukweni kwetu, bila hiyo hamtanielewa. Boti za dagaa zinarudi asubuhi, na kila boti ina wanawake wake. Mwanamke anafika mapema, anaweka beseni lake mchangani pale boti yake inapopanda, kisha anaweza kwenda zake kunywa chai. Beseni likishakaa, limekaa. Hata kama ni la adui yako huliondoi, hulipigi teke, hupitishi lako mbele yake. Anayeondoa beseni la mwenzake anamwambia kila mtu kwamba yule si mtu tena. Nimekulia pale, na kabla ya siku zangu mbaya sikuwahi kuona likiondolewa.

Sasa mnaona kosa langu lilipoanzia? Sheria ya Anita ilipoingia kichwani mwangu ilikuta sheria ya ufukweni imekaa, zikaungana. Nikadhani kumtaja mtu krashi ni sawa na kumwekea beseni. Nenda, rudi, kaa unavyotaka, utamkuta!

Nikamwekea Filbeti beseni moyoni, nikaenda zangu kunywa chai.

Na sheria ile ya kwanza, ya yeye kutojua, niliishika kama amri ya kanisa. Wahenga wamesema penzi ni kikohozi, halifichiki. Mimi nilikohoa kimyakimya miaka miwili! Mbalamwezi ikikomaa dagaa hawavuliki, kwa hiyo wavuvi wanashinda ufukweni wakishona nyavu. Siku moja ya namna hiyo Filbeti alinifuata nilipokuwa nageuza dagaa juani, akaomba maji ya kunywa. Mimi! Kati ya wanawake wote pale! Nilimpa kikombe nikiwa nimegeuza uso kuelekea milimani. Akauliza kwa nini simsalimii siku hizi. Nikajibu nina kazi, nikaondoka, hata kikombe sikukidai.

Jioni nilijisifu sana. Krashi wangu hajui kitu!

Mwaka uleule Warundi walikuja wengi. Sisi wa Kigoma hatushangai wageni wa ng'ambo. Nusu ya majirani zetu bibi zao walizaliwa huko. Lakini safari hii walijaa, mjini ukisikia Kirundi kila kona, kisha wakapelekwa kambini upande wa Kasulu. Mmoja wao hakukaa kambini. Aliitwa Goreti. Shangazi yake aliolewa Katonga zamani sana, akamchukua akae naye. Kibali cha kutoka kambini hakuwa nacho, na kila mtu ufukweni alijua, na hakuna aliyesema. Kwetu mtu wa namna hiyo hasemwi, maana leo ni yeye, kesho ni ndugu yako.

Goreti alikuwa rika langu. Mfupi, mnene kiasi, meno ya mbele yameachana. Sikumwona mzuri, na naliandika hili ili mjue jinsi nilivyokuwa kipofu. Alijua kusuka, alijua kuanika dagaa bila kuwavunja, na alikuwa anasema jambo kama lilivyo. Ukimuuliza kama gauni limekupendeza, anakujibu. Tukawa mashoga. Nilimwazima kanga, tukala sahani moja ugali wa muhogo na mawese.

Siku moja tunageuza dagaa nikamweleza habari za krashi. Nilimfundisha neno lenyewe, maana yake, linavyotumika, sheria zote mbili. Kisha kwa kujidai nikamtaja Filbeti. Goreti aliuliza kama Filbeti mwenyewe anajua. Nikasema hapana, hatakiwi kujua. Akanyanyuka, akashika kiuno.

"Kama hajui, sasa weye ni wako namna gani?"

Nikacheka. Nikamwambia ndivyo tunavyofanya huku. Akasema basi ni mambo yenu, akaendelea na dagaa wake.

Kumbukeni hapo. Nilimwambia! Alikuwa anajua beseni ni la nani!

Haikupita muda mrefu tukaletewa habari kwamba bibi yangu wa Mwamgongo, mama yake mama, amefariki. Tulipanda boti mimi na mama na nguo chache, tukijua tunakwenda kulia na kurudi. Kabla ya kuondoka nikampa Goreti beseni letu, lile la bluu lenye kiraka cha plastiki ya kuyeyusha ukingoni. Nikamwomba atuwekee nafasi kwenye boti ya kijani, achukue dagaa, aanike, tutagawana. Mnasikia? Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilimkabidhi beseni na kumwelekeza boti ya Filbeti!

Matanga yaliisha, lakini mama akaanguka akiteremka mlimani na mguu ukavimba. Tukakaa. Muhogo wa bibi ukawa tayari, ikabidi tuvune. Tukakaa tena. Mwamgongo ukisimama ufukweni unaona maji na milima basi, hakuna barabara. Nami nilikuwa nimetulia. Kila jioni nilikuwa namuwaza Filbeti, na sikuwa na wasiwasi hata chembe. Si nimeshaweka beseni?

Asiyekuwepo na lake halipo.

Tulirudi asubuhi, boti yetu ya abiria ikakaribia Katonga wakati boti za dagaa zimeshapanda. Nikasimama ili nimwone kabla hajaniona. Nikamwona. Alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, anamiminia dagaa kwenye beseni la bluu. Akalinyanyua mwenyewe, na wavuvi hawafanyi hivyo, akamtwisha Goreti. Kisha mkono wake haukuondoka. Ulibaki ukingoni mwa beseni, palepale kwenye kiraka changu, na yule mwanamke akasema kitu, na Filbeti akacheka kwa mabega.

Goreti alikuwa amevaa kanga yangu.

Jamani, wivu! Watu wanauongelea wivu kirahisi kwa sababu haujawashika. Mimi ulinishika kweli. Nilitaka kuruka majini nikamvue kanga yangu mbele za watu. Na jambo lililoniuma kuliko yote ni kwamba meno yake yaliyoachana, ambayo nilikuwa nikiyaonea huruma, pale yalionekana mazuri.

Nilishuka, nikamfuata, nikalishusha beseni langu kichwani kwake. Dagaa walimwagika. Alinishika mkono akaanza kunieleza kwamba alitaka kunitumia habari Mwamgongo lakini hakumpata mtu wa kumtuma, na kwamba jambo lenyewe halikuanza kwa ubaya. Nikamsukuma. Fadhila ya punda ni mateke, nilimwambia, na nikaondoka nikilia njia nzima na beseni tupu.

Kuanzia siku hiyo mdomo wangu haukufungwa. Kisimani, kwenye kwaya, sokoni Mwanga nikienda kuuza, kila aliyesimama alisikia. Nilisema nimelea nyoka. Nilisema alikula kwetu akalamba na sahani. Na ufukweni, mbele ya wanawake wa boti zote, Goreti akipita na ndoo yake ameinamisha kichwa, nilisema kwa sauti kubwa:

"Hawa wakimbizi wangerudishwa wote kambini, sisi tungepumua."

Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu aliacha kupepeta. Mama yake alizaliwa ng'ambo, nilijua, nilikuwa nimesahau tu. Wivu unasahaulisha hata majina ya majirani. Mama yangu alinivuta kofia yangu mpaka ikanifunika macho, akaniambia nyamaza we mtoto.

Wiki ileile Goreti akakamatwa!

Habari ziliingia Katonga kabla ya chai. Amekutwa kwenye kizuizi cha barabara bila kibali, amerudishwa kambini, na shangazi yake ameitwa kuhojiwa. Nikiwa mkweli kwenu, kwanza nilifurahi. Ndiyo. Nilikaa kitandani nikatabasamu peke yangu. Nikawaza sasa Filbeti atakuwa na nafasi moyoni.

Kesho yake nilikwenda ufukweni mapema, nikaweka beseni mchangani, nikaenda kunywa chai. Niliporudi halikuwepo.

Nilitazama huku na huku nikidhani limechukuliwa na mawimbi. Halikuchukuliwa na mawimbi. Lilikuwa limewekwa nje kabisa, kule wanakotupa matumbo ya samaki na mbwa wanashinda, limefunikwa chini juu. Wanawake wote walikuwa wanatazama ziwa. Hakuna aliyenitukana wala aliyenitazama.

Ndipo nilipoelewa. Walidhani ni mimi niliyemchoma Goreti kwa askari!

Niliapa. Nilimshika huyu mkono, nikamshika yule. Wallahi ya Waislamu na Biblia ya kwetu, vyote niliviapia! Nani aniamini? Si walinisikia wenyewe kwa masikio yao nikiomba warudishwe? Shangazi yake Goreti alikuja mpaka mlangoni kwetu. Hakupiga kelele. Alisema Kirundi kina neno la mtu kama mimi, lakini hatalitamka mbele ya mama yangu mgonjwa wa mguu. Akaweka kanga yangu kizingitini, imefuliwa na kukunjwa, akaondoka.

Mama alilia siku ile kuliko alivyomlilia bibi. Nafasi ile ya boti ya kijani aliirithi kwa mama mkwe wake. Ndiyo iliyonisomesha. Sasa tukawa tunanunua dagaa waliobaki kwa wachuuzi, waliovunjika vunjika, tunaanika nyuma ya nyumba kama wezi. Ibadani tulikaa benchi peke yetu.

Na Filbeti? Alikuwa akipita njiani, ananiona, anatazama chini. Nikajua ananichukia. Nililia zaidi kwa hilo kuliko kwa beseni. Miaka miwili ya kumficha, halafu siku anajua nipo, ananijua kama mchomaji watu!

Nikaona dawa ni moja tu. Niende kambini, nimtafute Goreti, aseme kwa mdomo wake kwamba si mimi. Kama ni mtu mwingine, anitajie. Nilipanda basi la Kasulu, halafu pikipiki, nikafika siku ya soko, pale pembezoni mwa kambi ambapo wanavijiji na wakimbizi walikuwa wakiuziana vitu. Vumbi jekundu, watu wengi, maharage, sabuni, kuku wamefungwa miguu. Nikamwona chini ya turubai anasuka mtu. Amekonda. Nilitegemea kufurahi kumwona amekonda, lakini furaha haikuja.

Hakushtuka. Alimaliza msuko aliokuwa ameushika, akamwomba mteja wake asubiri, tukaenda kukaa kwenye gogo. Nikamweleza yote, mpaka beseni kufunikwa kwenye matumbo ya samaki. Hapo akaweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka.

Akaniambia hakuchomwa na mtu. Alikuwa anakuja kambini kwa hiari yake! Filbeti alitaka kumwoa, na baba yake Goreti yuko hai, tena yuko hapo kambini. Kwao mwanaume hapeleki pombe kwa shangazi wakati baba yu hai, ni kumzika mzee wa watu angali anapumua. Kwa hiyo Filbeti aliazima pikipiki, akampakia bila shangazi kujua, waje wamwone mzee. Walipokaribia kizuizi Goreti alimwambia amshushe, ageuze, arudi. Yeye akaenda kwa miguu mbele ya askari akasema yuko peke yake, kwa sababu mtu akikutwa amembeba mkimbizi asiye na kibali naye anaingia matatani, na mwenye boti angemfukuza kazi siku hiyohiyo.

Nisikilizeni, na msinicheke. Naelezwa jinsi mwenzangu alivyojitoa mhanga, na mimi kitu cha kwanza kilichonichoma ni kwamba alimpakia kwenye pikipiki. Kutoka Katonga mpaka kule! Amemshika kiunoni njia nzima!

Kisha ndipo akili ikarudi, nikaliona lile jambo lenyewe. Filbeti alikuwa anajua. Tangu siku ya kwanza alijua kwamba si mimi. Aliliona beseni langu kule kwenye mbwa. Alimwona mama yangu akipita na fimbo, watu wanamgeuzia mgongo. Na alitazama chini, si kwa chuki... kwa aibu! Alininyamazia ili yeye asalimike.

Huyo ndiye niliyeunguza maharage kwa ajili yake.

Nilimuuliza Goreti swali moja tu lililokuwa limebaki. Kwa nini alimchukua, wakati nilimwambia ni wangu? Hakujitetea sana. Alisema siku za mwanzo, akipokea dagaa, Filbeti alikuwa akimuuliza habari zangu mimi. Nitarudi lini? Kwa nini nilikuwa nageuza uso nikimwona? Alidhani namdharau kwa sababu nimefika kidato cha nne na yeye mvuvi. Goreti hakutoa siri yangu, kwa sababu nilimfundisha kwamba krashi hatakiwi kujua. Filbeti aliuliza, akachoka kuuliza. Na yeye Goreti, kumwona kila asubuhi, naye moyo ukamwingia.

"Mie nilimwambia, Leonia. Nilimwambia nakupenda, akashangaa, akakaa chini mchangani. Weye hukumwambia."

Mteja wake aliita, akarudi kusuka. Nilirudi Kigoma nimekaa dirishani, nalia mpaka kondakta akaniuliza kama nimefiwa.

Asubuhi iliyofuata nilimngoja Filbeti pale boti inapopanda. Wanawake walikuwepo na mabeseni yao. Alipokanyaga mchanga nilimtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama kwa karibu, wasomaji wenzangu, na nikaona kwamba kumbe ana macho ya mtu mwoga. Kwa mbali halikuonekana jambo hilo. Krashi ni kwa mbali.

Nilisema mbele ya wote:

"Filbeti, nilikupenda miaka miwili na sikukwambia, kosa ni langu. Lakini beseni la mama yangu wewe ndiye unayejua lilivyotoka hapa. Kosa hilo si langu."

Nilidhani atakimbia. Mwenye boti alikuwa palepale anasikiliza. Lakini Filbeti akapita katikati ya wanawake, akaenda mpaka nyumbani kwetu, mimi nikimfuata, akalichukua beseni la bluu mikononi mwa mama, akarudi nalo, akaliweka mchangani mbele ya boti ya kijani. Akasema yote. Pikipiki, kizuizi, kunyamaza kwake. Alisema huku analia, na mimi nikasimama nikiona wivu mpya unanipanda, maana nilielewa machozi yale ni ya nani. Mtu yule aliyepata ujasiri ghafla alikuwa ni mwanaume wa Goreti, si wangu.

Mwenye boti alimfukuza kazi palepale. Shangazi yake Goreti akaja akakaa chini karibu na mama, wakashikana mikono. Na Filbeti hakuwa tena na kitu cha kumzuia Katonga. Alikwenda kambini, akapeleka pombe kwa mzee, na baadaye misafara ya Warundi kurudi kwao ilipoanza akaondoka na Goreti. Anavua upande ule sasa. Ziwa ni lilelile, ila maji ya kule siyaoni kutoka hapa.

Mnaona nilivyofanya? Mara moja tu maishani nilifungua mdomo kumwambia ukweli, na ukweli ule ndio uliompeleka kwa mwenzangu. Ningeufungua siku ile ya kikombe cha maji je? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo pole zenu bakini nazo.

Ninachowaomba ni hiki. Dada zangu, wadogo zangu mnaoandikiana krashi, krashi kwenye simu usiku kucha... lichezeeni neno, ni tamu, nalijua utamu wake. Lakini msilikalie. Krashi si mchumba, si ahadi, wala si beseni. Ni kumpenda mtu usiyemjua, na kumkasirikia kila anayethubutu kumjua. Ukimwona mtu moyo ukaenda mbio, msalimie. Mpe maji ukimtazama. Akikukataa utalia wiki moja, utapona, na shoga yako utabaki naye.

Na ukishikwa na wivu, fumba mdomo kwanza. Usimtakie mwenzio jambo ambalo hutaki kusingiziwa kwamba umelifanya.

Mama mguu umepona. Nafasi yetu tunayo. Kuna mwanaume mmoja, fundi wa injini za boti, ananisalimia kila siku, nami namwitikia nikimtazama machoni, najifunza taratibu. Lakini nisiwadanganye. Boti zinaporudi asubuhi, macho yangu bado yanatangulia kwenye ile ya kijani, yanamhesabu kila anayeshuka, na cha mwisho kushuka ni wavu, yeye hayumo.